Safu ya Saba

Idara ya Mipango ya Maji
Chumba namba tisa
3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Wifi ameniambia simu huisikii tena, na kwamba ukipewa unaishika kichwa chini miguu juu kisha unamlaumu aliyepiga. Basi mimi Chiriku wako, niliyekuchosha masikio miaka yote, leo nanyamaza kwa mdomo na kusema kwa mkono. Miguu imepungua kuvimba? Unakula? Usinijibu "kidogo". Kidogo si kipimo, wewe ndiye uliyenifundisha.

Nina jambo la kazi. Tumepewa miezi mitatu tuandae makadirio ya maji ya kanda nzima: miji minne, miaka thelathini ijayo, watu wa wapi watahitaji lita ngapi, na bwawa jipya ligawiwe vipi. Mimi nimepewa mji wetu. Mkuu anataka saini yangu tarehe thelathini Aprili, na akishaipata mabomba yanaagizwa. Na bomba likishafukiwa limefukiwa na makosa yake. Hilo nalo nilijifunza kwako.

Kabatini nimekuta ripoti yako ya zamani, ile ya jalada la kijani. Nimeisoma kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Hesabu safi, mwandiko safi. Lakini mtaa wa mlimani umenikwaza. Nyumba mia mbili na kumi na mbili, miezi kumi na minane mfululizo, matumizi sifuri. Baada ya hapo ni vijitone. Vijana wa ofisini wameziingiza kwenye kompyuta, na kompyuta inasema watu wa mlimani ni watu wa lita kumi na moja kwa siku, na hata wakizaana watabaki wa lita kumi na moja. Inataka tuwape bomba dogo tena.

Mimi najua sifuri hizo ni za nani, ila vijana sijawaambia. Ningeanzaje kuwaambia kwamba msoma mita aliyekaa kivulini akajaza sifuri ndiye aliyenizaa?

Swali langu ni dogo. Vile vitabu vyake vya mita viko wapi? Nikivipata nitamwonyesha mkuu kwamba ni vya uongo, tuzitupe sifuri hizo, mlimani wapate bomba la haki safari hii. Mama hatarudi, lakini kuna watoto wengi kule juu.

Kaka anasema Baba alipata kiharusi mwezi wa kumi na mbili. Upande wa kulia umelala, na ulimi umelala nao. Anasema niende. Sijaenda.

Mpwa wako,
Chiriku


Nyumbani
12 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Nakula vya kutosha sahani moja ndogo kwa siku. Hicho ni kipimo. Kuhusu maji ni habari nyingine. Daktari amenipangia mgao. Moyo umechoka kusukuma, kwa hiyo maji yananibaki miguuni, na sasa naruhusiwa nusu lita kwa siku, chai na supu zikiwemo. Mke wa mwanangu amechora mistari mitatu kwenye chupa: asubuhi, mchana, jioni. Mimi niliyewagawia watu laki nne maji yao kwa penseli, jana nilibembeleza nipewe kijiko kimoja cha mstari wa jioni saa nane mchana. Akaniambia, "Baba, sheria ni sheria." Nikacheka mpaka nikakohoa.

Vitabu vya mita vilipotea idara ilipohamia jengo jipya. Usipoteze muda kuvitafuta. Fanya hivi: chukua nyumba za bondeni zenye ukubwa kama wa zile za mlimani, tumia kiwango chao, kisha uandike kwamba takwimu za mlimani hazitoshi. Inatosha. Na usimtaje mtu. Yaliyopita si ndwele, Chiriku, tugange yajayo.

Nenda ukamwone baba yako. Nakuomba kama mzee wako.

Mjomba wako


Chumba namba tisa
26 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mgao. Ukizidiwa na kiu nitakuandikia barua ya kupinga sheria ya chupa, niigonge mhuri.

Umesahau kidogo, na si kosa lako. Nilishuka chumba cha kumbukumbu. Yule mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi bado yupo, mwaka huu ndiyo anastaafu, na anakusalimu sana. Anasema ulikuwa na madaha ukivaa tai. Nikamwambia vitabu vilipotea wakati wa kuhama. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Vipotee? Hapa hakipotei kitu, mwanangu. Hata mende wa humu nimewaandikisha." Akatoa daftari la kuazima, akalamba kidole, akafunua. Vitabu sita vya mtaa wa mlimani, vimechukuliwa na wewe, saini yako ile yenye mkia mrefu, siku tano kabla ya kamati ya uchunguzi kukaa. Havikurudi. Anasema una faini ya miaka ishirini na saba.

Basi hebu pekua, Mjomba. Labda vimo kwenye makaratasi yako. Ulivichukua ili umtetee, nadhani, kisha ukaona hatetezeki.

Navihitaji kweli. Mkuu amekataa habari ya kutumia kiwango cha bondeni. Amesema, "Huwezi kutupa takwimu za miezi kumi na minane kwa sababu hazikupendezi. Nipe sababu iliyoandikwa." Kwa hiyo nimeandika rasimu: "Takwimu hizi hazikubaliki kwa kuwa msoma mita hakufika katika nyumba husika, kama kamati ya uchunguzi ilivyobaini." Chini nimeweka jina lake kamili. Nilikuwa namwona Mama kwenye sakafu ya lile darasa walilogeuza wodi, midomo imemkauka, ananiuliza kama nimefanya kazi ya nyumbani ya hesabu. Alichota kwenye kile kisima cha kipindupindu kwa sababu bomba halikutoa. Bomba halikutoa kwa sababu lilikuwa jembamba. Lilikuwa jembamba kwa sababu Baba aliandika sifuri. Nimeipitia hesabu hiyo tangu nina miaka kumi na minne na kila mara jibu ni lile lile.

Usiniombe tena niende kwake. Nikifika nitamwambia nini?

Mpwa wako,
Chiriku


Nyumbani
12 Machi

Mwanangu,

Usisome barua hii ofisini. Kaa mahali ambapo mtu hatakuuliza una nini.

Ifute ile sentensi. Kabla hujaendelea, ifute. Baba yako alifika. Alifika nyumba zote mia mbili na kumi na mbili, kila mwezi, kwa miguu, na vitabu vyake vyote sita viko ndani ya sanduku utakaloletewa pamoja na barua hii. Ni lile la bati lililokuwa chini ya kitanda changu, ulilokuwa ukilikalia asubuhi ukifunga kamba za viatu vya shule. Sikusahau chochote. Nilikudanganya mwezi uliopita kama nilivyokudanganya miaka ishirini na saba.

Kitabu cha msoma mita kina safu saba. Namba ya nyumba, namba ya mita, tarehe, usomaji wa mwezi uliopita, usomaji wa mwezi huu, tofauti yake. Ya saba ni ya maelezo, na wasomaji wengi waliiacha tupu. Baba yako hakuiacha. Kila alipokuta mita haijasogea alibisha hodi, akaomba ruhusa, akafungua bomba la uani, akahesabu hadi thelathini. Nilimuuliza siku moja kwa nini thelathini. Akacheka. "Shemeji, maji ya mlimani yana haya, hayajitokezi haraka mbele ya mgeni. Yape muda." Yasipotoka, aliandika sifuri safu ya sita, na safu ya saba akaandika: "Nimefungua, nimehesabu hadi thelathini. Kavu. Nitarudi mwezi ujao."

Sifuri zile maana yake ni hiyo. Pampu ya mlimani ilikuwa imekufa. Watu hawakuacha kutaka maji. Maji ndiyo yaliyoacha kuwafikia.

Kompyuta ya kwanza ya idara ilikuwa na nafasi ya safu sita, na haikutaka maneno. Niliwaagiza makarani waingize sita, ya saba waiache. Hilo lilikuwa kosa la kazi, na kwa hilo peke yake nisingekusumbua. Nilichukua kile watu walichopewa nikakiita kile wanachohitaji, kama mtu anayepima njaa ya mtoto kwa kuangalia sahani aliyomnyima. Nikaandika: mlimani, lita kumi na moja. Hata sababu nikawatungia, kwamba hawajazoea maji ya bomba. Bwawa likagawiwa kwa hesabu hiyo, fungu lao likaenda viwandani na kwenye nyumba mpya za bondeni.

Miezi minne baada ya kusaini nilikwenda mezani kwa baba yako kuazima penseli. Hakuwepo, na kitabu kilikuwa wazi. Nilisoma ukurasa mmoja, nikavuta kiti, nikasoma kitabu chote. Penseli sikuichukua.

Mabomba yalikuwa hayajaagizwa, Chiriku. Nilikuwa na wiki sita. Barua ya ukurasa mmoja ingetosha: nimekosea, tuhesabu upya. Lakini ripoti ilikuwa imesifiwa mkutanoni, watu wamesimama kupiga makofi, na nilikuwa nimenong'onezwa kwamba kiti cha mkuu wa idara ni changu. Kila asubuhi nilisema kesho. Wiki ya saba nikaambiwa mabomba yameagizwa, ya inchi nne badala ya kumi, na nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa nafuu. Sasa hapakuwa na la kufanya.

Miaka mitatu baadaye kisima cha mlimani kiliua watu hamsini na wanane. Mama yako alikuwa wa thelathini na moja kwenye orodha. Dada yangu. Alipojifunza kutembea kidole alichoshika kilikuwa changu.

Kamati ilipoundwa nilishuka kumbukumbu nikavichukua vile vitabu. Nilisaini kwa jina langu, kwa wino. Sijui nilikuwa mwizi mjinga au mtu anayetaka kukamatwa. Baba yako aliposimama mbele ya kamati hakujitetea sana. Alisema, "Someni safu ya saba." Wakauliza vitabu viko wapi, havikuonekana. Mwenyekiti akanigeukia mimi: "Inawezekana msoma mita hakufika?" Baba yako alinitazama. Wewe ulikuwa benchi la nyuma na sare yako ya shule. Nikasema, "Inawezekana."

Neno moja. Kazi ikamtoka, na heshima, na wewe.

Limebaki lililo zito zaidi. Wiki ya pili baada ya kukuchukua uishi kwangu nilimfuata. Alikuwa ameanza kutengeneza mabomba ya watu majumbani. Nilimkuta chini ya sinki jikoni mwa mtu, naona miguu tu. Nikachuchumaa nikaiambia ile miguu kwamba nitarudi kwenye kamati niseme kweli. Hakutoka.

"Chiriku yuko kwako?"

"Yuko."

"Anasoma?"

"Anasoma."

"Asubuhi anaoga kabla ya kwenda shule?"

Nikasema anaoga. Nikasikia akijaribu nati, ikagoma. Kisha akasema, "Ukianguka wewe, atarudi mlimani kubeba ndoo. Kaa na kiti chako, Shemeji. Na yeye asijue, maana ninavyomjua akijua atarudi mwenyewe." Halafu akatoa mkono chini ya sinki. "Nipe spana namba kumi na saba, hiyo hapo."

Nikampa.

Ningeweza kumkatalia. Sikumkatalia, kwa sababu alikuwa ananipa ruhusa ya kufanya nilichotaka kufanya. Tangu siku hiyo yeye alipokea chuki yako na mimi nikapokea shikamoo yako kila asubuhi. Nilikufundisha kazi yangu yote, na kila tulipofika kwenye sifuri nililiruka somo. Nilikuandikia kwamba yaliyopita si ndwele. Ni ndwele, na mimi ndiye niliyekuambukiza.

Sikuombi unisamehe. Ningekuomba hilo ningekuwa nakuomba unifanyie kazi nyingine tena. Nakuomba mambo mawili ya ofisini. Tumia vitabu hivyo, na utaje jina langu. Kisha umpelekee baba yako, umsomee safu ya saba. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuisoma kwa sauti.

Aliyekuwa mjomba wako


Nyumbani
4 Aprili

Chiriku,

Sanduku lilifika, mwenye ofisi ya vifurushi amemwambia mke wa mwanangu kwamba ulisaini tarehe kumi na saba. Sijapata neno. Sikulaumu, wala hii si barua ya kukukumbusha.

Naandika kwa sababu daktari amefuta mstari wa mchana kwenye chupa, na sijui nitaandika tena lini. Nilisahau kukuambia jambo moja. Kitabu cha nne, karibu na katikati, nyumba namba mia moja thelathini na moja. Hiyo ilikuwa nyumba yenu. Nilitaka uikute ukiwa umejiandaa, kisha nikaona sina haki ya kukuandaa kwa lolote.

Mjomba


Chumba namba tisa
20 Aprili

Mjomba,

Nilikaa na vitabu siku tisa bila kuvifungua. Nilirudi nyumbani kila jioni nikaliangalia sanduku. Siku ya kumi nikalikalia, kama zamani, na nilipokaa pale ndipo nikakuchukia barabara.

Kisha nikasoma. Hukuniambia kwamba anachekesha. Nyumba ya kumi na nne: "Kavu. Buibui amejenga mdomoni mwa bomba. Nimemwacha, angalau yeye ana makazi." Nyumba ya themanini na nane: "Mama wa mapacha anasema niache kuandika nilete ndoo. Ana haki." Mwezi uliofuata, nyumba hiyo hiyo: "Nimeleta ndoo moja. Anasema mapacha ni wawili." Sikujua kwamba Baba ana mzaha. Niliishi naye miaka kumi na minne, na nikamsahau miaka ishirini na saba, kwa makusudi, mpaka sauti yake ikanitoka.

Na nyumba ya mia moja thelathini na moja. "Nimebisha hodi. Mke wangu kanicheka, hata kwako unabisha? Nimemwambia kazi ni kazi. Nimefungua, nimehesabu hadi thelathini, binti yangu akihesabu nami kwa sauti. Kavu. Nitarudi jioni."

Nilihesabu naye, Mjomba. Nakumbuka. Nilidhani ni mchezo.

Nilikwenda Jumamosi. Kaka amemweka kwenye kiti karibu na dirisha, mto chini ya mkono wa kulia. Amekuwa mdogo. Nikasema shikamoo, hakuweza kuniitikia, akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Nikasema, "Baba, nisamehe," na kabla sijaendelea alikuwa ameona kilicho mapajani mwangu. Akagonga jalada kwa kidole. Nikaanza tena, nisamehe Baba, akagonga tena kwa nguvu, uso umekunjamana upande mmoja. Kaka akasema, "Anakuambia acha kelele usome."

Nikasoma. Niliporuka nyumba ya tisini na saba kwa haraka, aligonga mkono wa kiti mpaka nikairudia. Anazijua zote. Nilimsomea na barua yako, nayo bila kuruka. Kwenye neno lile, "inawezekana", alifumba macho. Kwenye spana namba kumi na saba akacheka, nusu ya uso ikicheka na nusu imelala, machozi yakatoka pande zote mbili.

Nikamuuliza anataka nikuambie nini. Akaonyesha penseli. Kitabu cha sita kina kurasa tupu mwishoni. Aliandika kwa mkono wa kushoto, ilichukua karibu saa nzima, na hakukubali nimshikie. Nakunakilia kama kilivyo, safu kwa safu. Namba ya nyumba: "Shemeji". Namba ya mita ameiacha tupu. Tarehe kumi na nane Aprili. Mwezi uliopita, sifuri. Mwezi huu, sifuri. Tofauti, sifuri. Na safu ya saba:

"Nimefungua, nimehesabu hadi thelathini. Kavu. Nitarudi mwezi ujao."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alifunga kitabu akaniashiria nimpe maji.

Makadirio nimeyasaini leo. Mlimani, lita themanini kwa mtu, bomba la inchi kumi na mbili, na kitabu kipya cha wasoma mita kina safu saba ambazo kompyuta inazisoma zote. Kiambatisho cha mwisho kina majina mawili: la aliyeandika na la aliyeficha. Mkuu alikisoma mara mbili. Akaniuliza, "Huyu wa pili si ndiye aliyekulea?" Nikamwambia ndiye.

Kuhusu mimi usiniulize. Bado nahesabu. Sijafika thelathini.

Chiriku


Nyumbani
27 Aprili

Mwanangu,

Mke wa mwanangu ananishikia karatasi, kwa hiyo mistari ikipanda mlima ni yeye.

Nimesoma. Majina mawili, kila moja mahali pake. Asante. Hiyo ndiyo ripoti niliyopaswa kuandika, na imeandikwa vizuri kuliko ambavyo ningeiandika.

Ile safu ya saba nimeomba nisomewe mara nyingi. Hakuandika mita imekufa. Hakuandika nyumba imehamwa, ingawa ana haki. Baba yako akiandika kwamba atarudi, hurudi. Nina vitabu sita vya ushahidi, yaani unavyo wewe.

Daktari nilimuuliza ni lini, akaanza kupanga vyombo vyake. Basi nimefanya makadirio mwenyewe, kwa kutazama miguu na mistari ya chupa, maana umebaki mmoja. Kwa hesabu yangu mwezi ujao hautanikuta. Lakini unajua jinsi ninavyoweza kukosea.

Nimemwambia mke wa mwanangu kwamba kuanzia tarehe mosi geti lisifungwe asubuhi. Wasoma mita hupita kabla jua halijakolea. Akija, au ukija wewe na kitabu chake, mkanikuta siitikii, msisimame mlangoni mkibisha. Ingieni mpaka uani. Bomba liko kushoto, karibu na ukuta. Lifungueni, mlipe muda.

Mjomba